Majeshi na Soko la Setilaiti

Kwa takriban miaka 30 baada ya setilaiti ya kwanza kurushwa mwaka 1957, setilaiti za upelelezi ziliagizwa na kuendeshwa na serikali pekee, na picha zake zilikuwa siri. Mwezi Februari 1986 Ufaransa ilirusha SPOT 1, setilaiti iliyoweza kubainisha vitu vya upana wa meta 10, na picha zake ziliuzwa kibiashara. Katika Vita vya Ghuba vya 1991, jeshi la Marekani lilitumia picha za SPOT na za Landsat, setilaiti za kiraia za Marekani, kutengeneza ramani. Kwa kuwa hazikuwa siri, picha hizo ziligawiwa kwa urahisi kwa askari na mataifa washirika. Iraki haikuweza kuzinunua tena, kutokana na vikwazo vya Umoja wa Mataifa.

Vita hivyo vilionyesha kwamba picha za biashara zina thamani ya kijeshi. Sheria ya Marekani ya 1992 iliruhusu kampuni binafsi kupewa leseni za kupiga picha za dunia, lakini serikali ilibaki na mamlaka ya kuzizuia kwa sababu za usalama. Setilaiti ya Ikonos, iliyorushwa Septemba 1999, ilifikia ubainifu wa meta 1. Vita vya Afghanistan vilipoanza Oktoba 2001, serikali haikutumia mamlaka hayo. Badala yake ilinunua haki ya kipekee ya picha zote za Ikonos za eneo hilo, kwa takriban dola milioni 1.9 kwa mwezi wa kwanza.

Katika mawasiliano, fedha za jeshi ziliokoa mradi mzima. Iridium, mtandao wa setilaiti 66 uliogharimu zaidi ya dola bilioni 5, ulianza kutoa huduma ya simu Novemba 1998 na kufilisika Agosti 1999. Mipango ya kuziangusha setilaiti hizo ilikuwa tayari. Desemba 2000 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitia saini mkataba wa dola milioni 72 wa miaka miwili kwa ajili ya watumiaji 20,000, na wamiliki wapya wakauendeleza mtandao huo.

Tangu 2003 sera ya Marekani ilielekeza idara zake kutegemea picha za kibiashara kadiri inavyowezekana. Mikataba ya muda mrefu ilisaidia kugharamia setilaiti mpya, ikiwemo WorldView-1 ya 2007, yenye ubainifu wa takriban nusu meta. Jeshi likawa mteja ambaye bila yeye kampuni nyingi zisingesimama.

Vita vya Ukraine vilidhihirisha upande wa pili wa utegemezi huo. Tarehe 24 Februari 2022, siku ya uvamizi wa Urusi, shambulio la kimtandao lilikata huduma ya intaneti ya setilaiti ya KA-SAT ya kampuni ya Viasat. Siku chache baadaye vifaa vya Starlink, mtandao mwingine wa intaneti ya setilaiti, viliwasili, na jeshi la Ukraine likavitegemea kwa mawasiliano. Mwaka 2023 Elon Musk, mwenye kampuni inayoendesha Starlink, alieleza kwamba alikataa ombi la kuwasha huduma hiyo hadi Sevastopol, mji wa Krimea uliokuwa mikononi mwa Urusi. Uamuzi wa kivita ulikuwa umefika mikononi mwa mwenye kampuni. Juni mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza mkataba wa kugharamia Starlink nchini Ukraine.

Oktoba 2022 Urusi ilitamka katika Umoja wa Mataifa kwamba setilaiti za kiraia zinazosaidia vita zinaweza kuwa shabaha halali ya kulipiza kisasi. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unaziwajibisha dola kwa shughuli za kampuni zao angani, lakini hauelezi ni lini setilaiti ya biashara inahesabiwa kuwa chombo cha vita.