Je, Wauaji wa Mfululizo Huwa na Akili Mingi Kutuliko? Acha Tukuambie Ukweli

Ingia base yoyote hapa Kisumu, Kondele ama Nyalenda. Story ya wauaji wa mfululizo ikianza tu, lazima kuna msee atasema, "Omera, hao watu ni vichwa!" Hiyo ni kazi ya muvi. Tangu Anthony Hopkins aigize Hannibal Lecter mwaka 1991, tumezoea muuaji msomi anayechezea makarao kama watoto.

Namba zinasema nini?

IQ ya mtu wa kawaida ni 100, na watu wengi wako kati ya 85 na 115. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Radford, Marekani, walikusanya rekodi za maelfu ya wauaji hawa. Kwa wale ambao IQ yao inajulikana, wastani uko chini kidogo ya 100. Yaani ni watu wa kawaida tu.

Vichwa wapo, hatukatai. Ted Kaczynski aliingia Harvard akiwa na miaka 16. Lakini ndugu yake alisoma maandishi yake gazetini, akayatambua, na jamaa akashikwa 1996.

Sasa mcheki Gary Ridgway, mpaka rangi wa malori mwenye IQ ya 80 na kitu. Alianza kuua 1982, akashikwa 2001, na akahukumiwa kwa mauaji ya wanawake 49. Alifichwa na nini miaka hiyo yote? Aliwinda wanawake waliouza mwili na wasichana waliotoroka nyumbani. Hao wakipotea, hakuna aliyeharakisha kuwatafuta.

Na hapa kwetu?

Julai 2021, polisi walisema Masten Wanjala, kijana wa miaka 20, amekiri kuua zaidi ya watoto 10. Ujanja wake? Kujifanya kocha wa soka. Oktoba alitoroka kituo cha Jogoo Road, Nairobi, akaenda wapi? Kwao Bungoma, mahali anajulikana! Umati ulimuua siku mbili baadaye.

Julai 2024, miili ya wanawake ilipatikana kwa timbo la taka Kware, Nairobi, karibu mita 100 tu kutoka kituo cha polisi. Mshukiwa, Collins Jumaisi, alinaswa baada ya simu kufuatiliwa, akiwa kwa baa Kayole usiku wa fainali ya Euro. Polisi walisema amekiri kuua wanawake 42, wakili wake akasema aliteswa ndio akiri. Mwezi uliofuata akatoroka seli ya Gigiri pamoja na wenzake 12. Kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli mwenyewe alisema inaonekana walisaidiwa na watu wa ndani. Hapo IQ imeingilia wapi?

Huku ziwani tuna funzo letu. Januari 2022 nchi ilishtuka kusikia kuwa karibu miili 20 iliyoopolewa kutoka Mto Yala, Siaya, ilikuwa mochari bila mtu wa kuichukua. Hatusemi ni kazi ya muuaji mmoja. Lakini wapiga mbizi wa kijijini walikuwa wakitoa miili majini kwa muda mrefu kabla Kenya nzima ianze kuuliza.

Kwa hivyo tuache kuwapa hawa watu sifa. Kumwita muuaji "genius" kunawapa wote waliolala kazini kisingizio: eti hakuna vile angeshikwa. Na sisi pia tunalala. Dem wa mtaa akikosekana siku tatu tunasema "ako kwa boyfriend", mtoto wa chokoraa akipotea hatusemi kitu.

Mtu wako akipotea, fanya hivi:

- Usingoje saa 24. Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo. Ripoti saa hiyo hiyo.
- Beba picha yake ya karibuni, namba yake ya simu, na useme alikuwa amevaa nini.
- Usitoke kituoni bila namba ya OB. Bila hiyo, ni kama hukufika.
- Wakikuzungusha, pigia DCI bure: 0800 722 203.