Jina la Ugonjwa na Chanzo Chake: Mfano wa Kongosho

Huko Kisorya, wilayani Bunda, kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, ugali wa udaga si chakula kigeni. Mfasiri anayetafuta jina la ugonjwa sugu unaoharibu kongosho la watoto wa nchi za joto hana budi kujihadhari asije akakitia hatiani chakula hicho bila ushahidi.

Mwaka 1959 Zuidema alieleza habari za wagonjwa wa Indonesia wenye utapiamlo, ambao kongosho lao lilikuwa na vijiwe. Baadaye Shaper aliandika juu ya wagonjwa wa Uganda, na Geevarghese juu ya wale wa Kerala, India, ambako mihogo huliwa sana. Ndipo ilipoenea dhana kwamba sianidi ya mihogo ndiyo chanzo. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliutia ugonjwa huu katika fungu la kisukari kitokanacho na utapiamlo. Mwaka 1999 fungu hilo liliondolewa, kwa kuwa ushahidi haukutosha.

Mkoa wa Mara nao ulichangia hoja hiyo. Watafiti waliwapima wanakijiji wa Nyambori, waliokuwa wakila mihogo yenye sianidi, na mwaka 1992 wakatangaza kwamba kisukari hakikuzidi huko. Uchunguzi huo haukuhusu vijiwe vya kongosho, lakini uliidhoofisha dhana ya mihogo.

Mwaka 2000 Witt na wenzake, wakichunguza watoto wenye ugonjwa sugu wa kongosho huko Ulaya, waligundua badiliko katika jeni iitwayo SPINK1. Jeni hiyo hutengeneza protini inayoizuia tripsini isilimeng'enye kongosho lenyewe. Mwaka 2002 badiliko hilo lilionekana pia kwa wagonjwa wengi wa India na Bangladesh. Hata hivyo, wengi walio nalo hawaugui kamwe, na wako wagonjwa wasio nalo.

Kwa hiyo "ugonjwa wa mihogo" ni jina la kukataliwa. Na "ugonjwa wa kurithi" nalo lamtwika mzazi lawama isiyo yake. Neno "uvimbe" pia lina utata, maana hutumika hata kwa saratani. Yafaa tuseme "ugonjwa sugu wa kongosho wenye vijiwe", jina litajalo kionekanacho tu. Jeni kama hiyo tuiite "kichangizi", na neno "chanzo" tuliweke kwa jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mzazi wa Kisorya akiuliza kwa nini mwanawe anaugua, asijibiwe na jina lililotangulia ushahidi.