Baraka, 2011: tribinali ilipofuata wamama kwao

Wandugu, kila mara tukianza kuzungumza juu ya haki kwa makosa ya vita, hakukosi mtu wa kusema: «Hiyo ni mambo ya La Haye.» Anataja Lubanga, anataja Ntaganda, na mazungumzo yanaishia pale. Leo tutoke La Haye kidogo, turudi Fizi na Baraka, Kivu ya Kusini, mwanzoni mwa mwaka 2011. Juu ya nini? Juu kile kilichofanyika pale kinajibu swali lenye tunasahau darasani: kama sheria iko, ni nini inaifanya itembee?

Usiku wa bonane

Tarehe 1 mwezi wa kwanza 2011, wakati inchi yote iko inasherehekea bonane, ugomvi ulitokea Fizi kati ya askari mmoja na raia. Wenzake wakaingia mjini kulipiza kisasi. Walipiga watu, waliiba, walivunja nyumba, na walibaka wamama wengi usiku ule. Hawakuwa waasi wa kutoka porini. Walikuwa askari wa FARDC, jeshi la Leta, wenye walitumwa kulinda hao hao raia. Mkubwa wao alikuwa luteni kanali Kibibi Mutware.

Sisi wenye tumekulia mashariki tunajua hadithi kama hizi namna zinaishaga. Askari wanahamishwa upande mwingine, mkubwa anapewa kazi mpya, wamama wanabaki na aibu yenye si yao. Safari hii haikuenda vile. Kibibi na askari wengine walikamatwa. Mwezi wa pili, tribinali ikafungua kazi Baraka, mji wa pembeni ya ziwa Tanganyika, karibu na Fizi. Wamama 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 mwezi wa pili, hukumu ikasomwa: Kibibi na maofisa wengine watatu, kila mmoja miaka 20 ya gereza, kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Askari wengine walipata miaka kati ya 10 na 15. Mmoja aliachiliwa, na mwingine alipelekwa kwa jije wa watoto kwa sababu hakuwa amefikisha umri.

Tangu kosa hadi hukumu: siku 51. Kwa kulinganisha, Lubanga alifika La Haye mwezi wa tatu 2006, na hukumu yake ikatoka mwezi wa tatu 2012. Miaka sita. Sisemi CPI haina maana. Nasema tu kwamba kuna njia nyingine, na hiyo njia ilipita kwetu.

Sheria gani ilitumika?

Hapa wanafunzi wa droit wasikilize vizuri, na wengine pia.

Mikataba ya Genève ya 1949 inakataza, hata kwa vita vya ndani ya inchi, kumtesa ao kumuua mtu mwenye hashiki silaha. Hiyo ndiyo mizizi ya sheria ya kimataifa ya kibinadamu. Lakini Fizi siku ile hakukuwa mapigano. Ilikuwa askari dhidi ya watu wa mji. Ndiyo maana hawakuhukumiwa kwa uhalifu wa kivita, bali kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Huu wa pili hauombi vita. Unaomba shambulizi kubwa ao lenye kupangwa juu ya raia. Mara mingi tunachanganya hayo mawili, na kumbe kwa avoka, kuchanganya vile kunaweza kupoteza kesi nzima.

Sasa, jije wa Congo alipata wapi hiyo sheria? Inchi yetu ilikubali Mkataba wa Roma tarehe 11 mwezi wa nne 2002. Mwaka ule ule, mwezi wa 11, tukapata kodi mpya ya adhabu ya jeshi, lakini ilikuwa na matundu: iliandika uhalifu wa kivita bila kusema adhabu yake, na ilichanganya makosa hayo na yale ya dhidi ya ubinadamu. Katiba ya 2006 ikasaidia. Artikle 153 inaruhusu tribinali zetu, za raia na za jeshi, kutumia mikataba yenye inchi imekubali. Na mwaka ule ule wa 2006, majije wa kijeshi wa Mbandaka walitumia Mkataba wa Roma moja kwa moja kuhukumu askari wenye walibaka wamama wa Songo Mboyo. Bunge lilikuja kuingiza makosa hayo vizuri ndani ya sheria za inchi kwa sheria ya mwisho wa 2015. Majije hawakungojea. Baraka ilipita njia hiyo iliyofunguliwa Mbandaka.

Kwa hiyo tukisema «Congo hakuna sheria», tunadanganya. Sheria ilikuwa. Kilichokosa ni miguu.

Miguu ya sheria

Angalia vitu vyenye vilihitajika kwa ile hukumu.

Kwanza, gradi. Kwa jeshi letu, mtu hahukumiwi na mwenye gradi ya chini yake. Tribinali ya garnizoni inaishia kwa kapiteni. Luteni kanali ni lazima apelekwe mbele ya Cour militaire, yenye makao yake yalikuwa Bukavu. Jenerali anaenda Haute Cour, Kinshasa. Kama jije wa gradi ile hayuko, kesi inalala.

Pili, safari. Mama wa Fizi hana pesa ya kwenda Bukavu, kulala kule, kula kule, na kuacha shamba na watoto. Basi jije ndiye alisafiri. Ile ndiyo tunaita odiansi forene: majije, mashitaki, greffier na maavoka wanabeba makaratasi na kwenda kukaa pale kosa lilifanyika. Leta pekee haikuweza. Wafadhili wa inje walisaidia kwa pesa na usafiri.

Tatu, haraka. Ushahidi ulichukuliwa wakati vidonda bado viko na majina ya askari bado yanajulikana.

Linganisha na Minova. Mwezi wa 11 wa 2012, M23 walipochukua Goma, askari wa FARDC walikimbilia Minova na wakabaka wamama wengi. Kesi ilifunguliwa mwaka mmoja baadaye. Askari 39 walishitakiwa, na hukumu ya mwezi wa tano 2014 ilipata wawili tu wenye kosa la kubaka. Wakubwa wa juu wenye waliongoza wale askari hawakusimama mbele ya jije. Sheria ilikuwa ile ile, jeshi lile lile, Kivu ile ile. Tofauti ilikuwa kwa kazi: nani aliandika, aliandika lini, na nani aliitwa.

Deni lenye limebaki

Tusipake Baraka rangi ya ushindi mtupu. Tribinali iliamuru wamama walipwe fidia, na Leta ilipe pamoja na wenye walihukumiwa. Hapo sheria ilisimama tena. Kwa kesi nyingi za namna hii hapa kwetu, mama ana karatasi ya hukumu ndani ya sanduku, na hana faranga hata moja. Alisimama mbele ya watu, akasema kile kisichosemeka, akashinda, halafu akarudi shambani. Sheria ya tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2022 imeunda mfuko wa fidia, FONAREV. Ni jambo kubwa. Lakini mfuko unahitaji orodha, na orodha inahitaji mtu wa kwenda kijijini, kuuliza polepole, kuandika jina sawasawa, na kulificha mbele ya wenye hawapaswi kulijua.

Wandugu wenye diploma, hiyo kazi haiombi visa ya La Haye. Inaomba mtu mwenye anajua kuandika, anajua kusikiliza, na anajua kutofautisha makosa yenye nimeeleza hapa juu. Wamama 49 walifanya sehemu yao siku zile Baraka. Mwenye anasoma droit, medesini ao saikolojia kati yetu, ajiulize: siku atafika kijiji chenye kimepigwa, atakuwa na kalamu ao atakuwa na maoni tu?