Nani Amejaza Diski?

Mwaka 2025 ilitimia miaka 60 tangu kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, ilipofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kwa maoni yangu, ukumbusho wa miaka hiyo ungefanyika Ihumwa, Dodoma, si Dar es Salaam. Wizara sasa ziko Mtumba, jirani hapo, tangu Rais John Magufuli azindue Mji wa Serikali Aprili 2019, na kazi zilizokuwa za masjala zinazidi kuhamia kwenye seva. Seva moja hutumiwa na watu wengi, na kila moja ina siku ambayo diski hujaa.

Ya mwanzo yanajulikana. Klodwig Mgaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyaandika mwaka 1994: mradi wa kuingiza hesabu za serikali kwenye kompyuta ulivurugika, ikabidi kurudi kwenye utaratibu wa zamani. Mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya chama tawala cha TANU kuamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Huo ulikuwa ukomo usio na onyo wala siku za kujirekebisha.

Kwingineko walikuwa wakijifunza kuweka ukomo wenye subira kwenye diski. Huko chuo cha MIT, Marekani, watumiaji wa mfumo wa CTSS wa miaka ya 1960 waliweza kuandika amri moja wakaoneshwa nafasi waliyogawiwa na kiasi walichokwisha kutumia. Ila mfumo wa mgao wa diski ulioenea zaidi ulitoka Australia. Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne aliutengeneza kwa ajili ya mfumo endeshi wa Unix, akauendesha chuoni kwake tangu Januari 1982, na mwaka 1983 ukaingia katika 4.2BSD, toleo la Unix la Berkeley, Marekani.

Elz alimwekea kila mtumiaji mipaka miwili. Ukivuka wa kwanza unaonywa, kazi inaendelea. Ukipuuza onyo mara kadhaa mfululizo kila unapoingia kwenye mfumo, unanyimwa nafasi ya kuandika zaidi. Wa pili hauvukwi hata kwa baiti moja. Aliuhesabu pia wingi wa faili, si ukubwa wake tu, kwa kuwa vifaili vidogo laki moja navyo humaliza nafasi za kuandikisha faili.

Waraka wake wa mwaka 1983 una onyo ambalo kila karani angepaswa kulisoma. Unahariri hati, unabonyeza kuhifadhi, mgao umeisha. Huenda programu imekwisha kuifuta hati ya zamani ili iandike mpya juu yake. Ukikurupuka ukaifunga programu, umepoteza hati zote mbili. Elz anashauri utulie, usitoke, ufute faili nyingine ukiwa humo humo, au uihifadhi hati kwenye diski nyingine kwa muda.

Kisha ukazuka ubishi ambao mimi naona ndio kiini cha habari yote. Katika System V, toleo jingine la Unix, mtumiaji aliweza kumwandikisha mwenzake kuwa mwenye faili. Mjanja angelificha faili lake kubwa ndani ya folda yake mwenyewe, akaifunga folda hiyo, kisha akaliandika faili kwa jina la jirani. Mgao wa jirani unaliwa, na hata kulifungua hawezi! Berkeley wakaamua kwamba msimamizi mkuu peke yake ndiye abadilishe umiliki. Pande hizo hazikuelewana, na kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, POSIX, za mwaka 1988 zikaacha kila mfumo uchague. Nipo upande wa Berkeley. Mgao usiojua mwenye mali ni nani humwadhibu asiyehusika.

Tangu hapo mambo yamekuwa mepesi: Linux ikaurithi mgao, onyo likahesabiwa kwa siku, aghalabu saba, na diski zikashuka bei. Kushuka huko kumetuharibu. Diski ikijaa, ofisi nyingi hukimbilia kununua nyingine kabla ya kuuliza nani kaijaza, ilhali kuuliza ni bure. Amri ya df huonesha diski nzima, du hujumlisha faili za folda, repquota huorodhesha watumiaji wote na mipaka yao. Df na du zikitofautiana sana, mara nyingi kuna faili lililofutwa huku programu bado imelishikilia. Programu hiyo ikizimwa, nafasi inarudi.

Afisa TEHAMA atakayeendesha repquota kwenye seva ya miaka mingi atakuta mistari yenye namba tupu mahali pa majina. Hao ni waliohama au kustaafu, akaunti zao zikafutwa, faili zao zikabaki. Aanzie hapo kabla ya kuandika ombi la kununua diski.