Shamba ndani ya gunia

Kibera, mtaa wa Nairobi, ilikuwa msitu. Ndiyo maana ya kibra kwa Kinubi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaweka hapo askari Wanubi, nao wakalima na kufuga. Mji ulipokua, mabati yalimeza mashamba.

Baada ya ghasia za uchaguzi, 2008, bei ya chakula ilipanda. Shirika la misaada la Solidarités likagawa miche ya kupandwa kwenye magunia, na gunia likawa shamba la mlangoni.

Ufundi wake uko katikati. Mkebe usio na kitako husimamishwa ndani ya gunia na kujazwa kokoto, udongo wenye samadi hupangwa kandokando, kisha mkebe huvutwa juu na kujazwa tena, hadi nguzo ya mawe ifike kileleni. Asiyeiweka hulalamika kila msimu: sukuma wiki za juu zinaoza, zilizopandwa ubavuni zinakauka.

Na maji? Kibera, na hata mtaa wa Kawangware, yananunuliwa kwa mtungi, hivyo yaliyosuuza mboga humwagwa kwenye gunia. Ya sabuni kali hapana. Wadudu nao: vidukari hupondwa kwa vidole, asubuhi. Kuku wa jirani ni kesi nyingine.