Kupiga Yowe, Kupiga Simu

Novemba 10, 1935, moto ulizuka katika nyumba moja ya mtaa wa Wimpole, katikati ya London. Jirani wa ng'ambo ya barabara aliuona kupitia dirishani. Hakusita. Alishika simu yake ili awaite zimamoto, na simu haikupokelewa. Siku zile kila aliyehitaji msaada alipitia kwa opereta, na kwa opereta kulikuwa na foleni. Aliyeona moto na aliyetaka kumsalimia shangazi walisubiri pamoja, maana mbele ya opereta simu zote zilikuwa taa zinazofanana. Jirani akabaki na simu sikioni, macho yake kwenye moto. Wanawake watano walikufa katika nyumba ile.

Kwa hasira aliliandikia gazeti la *The Times* barua, akaeleza alivyosubirishwa. Serikali ikaunda kamati ya uchunguzi, na Juni 30, 1937, London ikapata namba 999, ya kwanza ya aina yake duniani. Mwanzoni ilifanya kazi ndani ya eneo la kama kilomita 19 kutoka Oxford Circus. Tarakimu 9 haikuchaguliwa ovyo. Katika simu za kuzungusha ilikuwa karibu na mwisho wa gurudumu, hivyo mtu aliweza kuipapasa kwa kidole gizani au ndani ya moshi. Pia ilikuwa rahisi kuzirekebisha simu za umma ili mtu aipige bila kutumbukiza sarafu. Ndani ya kituo cha kuunganishia simu, 999 iliwasha taa nyekundu na kulia kwa kelele, na opereta aliacha kila kitu.

Tunapozungumza juu ya watu wanaoona shida ya mgeni wasifanye lolote, huwa tunaanzia moyoni: watu wamekuwa wabaya, mji umewaharibu. Moyo wa jirani yule wa Wimpole haukuwa na kasoro. Alitaka kusaidia, na hakukuwa na mtu upande wa pili wa waya. Kisa chake kinatudai swali lingine: je, aliyeita aliitikiwa?

Swali hili ni la zamani kuliko simu. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1285, iliyotolewa Winchester, iliyomtaka aliyeona uhalifu apige kelele, na waliosikia watoke kumfukuza mhalifu. Wasipomkamata mwizi, eneo zima lingeweza kutozwa fidia. Kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki, yowe likilia usiku watu hutoka na walichonacho mkononi. Kwa Wasukuma yowe hilo ni mwano, na sungusungu walipoenea Shinyanga na Mwanza miaka ya 1980, kutouitikia mwano kuliweza kumletea mtu faini. Nguvu ya yowe ilikuwa kwamba mwitaji alijua watakuja, na waliolisikia walijua kwamba kesho yake ataulizwa nani hakutoka.

Mji mkubwa uliuvunja mkataba huo, na si kwa ubaya wa mtu yeyote. Mnamo 1829 London ilipata polisi wa kulipwa, na taratibu kazi ya kukimbiza wezi ikatoka mikononi mwa majirani. Lilikuwa jambo jema kwa mengi, lakini tangu hapo anayeshuhudia balaa ana hatua moja zaidi ya kupita: kumwita yule ambaye kazi ni yake. Lugha yetu imeutunza undugu wa mambo haya mawili. Tunapiga yowe, tunapiga simu. Kitendo ni kilekile, ila simu inasikiwa na mtu mmoja, ambaye hatumwoni.

Miaka 27 baada ya 999 kuzinduliwa, jiji la New York, lenye mamilioni ya watu, lilikuwa bado halina namba kama hiyo. Usiku wa Machi 13, 1964, saa tisa na dakika kadhaa, Kitty Genovese, meneja wa baa mwenye umri wa miaka 28, alikuwa akirudi kwake Kew Gardens, eneo la Queens. Mwanamume asiyemjua alimfuata na kumchoma kisu. Alipiga kelele. Jirani mmoja alifungua dirisha na kumfokea mshambuliaji amwache, naye akakimbia. Kitty alijikokota hadi mlango wa nyuma wa jengo, ambako madirisha ya barabarani hayakuweza kumwona. Mshambuliaji alirudi, akamtafuta, akampata. Kitty alifariki akipelekwa hospitali.

Wiki mbili baadaye, Machi 27, gazeti la *The New York Times* lilichapisha katika ukurasa wa mbele habari ya raia 38 wenye heshima zao waliotazama mauaji kwa zaidi ya nusu saa bila hata mmoja kupiga simu polisi wakati shambulio likiendelea. Habari ilisambaa duniani. Makasisi waliihubiri, walimu waliifundisha, na vitabu vya saikolojia viliirudia kwa miongo kadhaa. Hadi leo kuna wanaoijua namba 38 bila kulijua jina la mtaa.

Lakini haikuwa hivyo. Waliochunguza upya ushahidi, na hatimaye gazeti lenyewe, walikiri kwamba simulizi ile ilikuzwa. Wengi walisikia tu, wakiwa usingizini nusu, na baadhi walidhani ni ugomvi wa walevi au wa wapenzi. Walioona vya kutosha kuelewa walikuwa wachache sana. Mwanamume mmoja alifungua mlango wake, akaliona shambulio la pili kwenye ngazi, akaufunga. Kisha akampigia rafiki kuomba ushauri kabla polisi hawajaitwa. Huyo hatuwezi kumtetea. Lakini mtu mwingine, aliyekuwa kijana wakati ule, alieleza baadaye kwa kiapo kwamba baba yake aliwapigia polisi mapema, baada ya shambulio la kwanza, na hakuna aliyekuja.

Na kulikuwa na Sophia Farrar, jirani aliyeambiwa kwa simu kwamba Kitty ameumizwa. Alishuka ngazi mbio bila kujua kama muuaji bado yuko chini. Alimkuta Kitty akivuja damu, akampakata hadi msaada ulipofika. Katika habari ya Machi 27 hakutajwa. Simulizi ya watu 38 wenye mioyo ya jiwe haikuwa na nafasi ya mwanamke mmoja aliyeshuka.

Kutokana na kisa kile wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1968. Mwanafunzi aliketi peke yake chumbani akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti, mara mmoja wao akasikika kama aliyeshikwa na kifafa. Waliodhani ni wao peke yao waliosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, walitoka asilimia 31. Watafiti hawakuona kwamba waliobaki hawakujali. Wengi walitetemeka na kutokwa jasho. Kila mmoja alidhani labda mwingine ameshakwenda.

Ni fikra inayotujia wote tunapoiona pikipiki iliyolala barabarani na umati uliokwisha kuizunguka. Lakini jaribio lile liliwatenga watu vyumbani, wasionane. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa picha za kamera za usalama za Amsterdam, Lancaster na Cape Town, zenye matukio 219 ya ugomvi hadharani. Katika matukio tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja asiyehusika aliingilia. Kadiri waliokuwepo walivyokuwa wengi, ndivyo uwezekano wa mmoja kusaidia ulivyoongezeka. Cape Town, mji ambao wengi wangetarajia woga zaidi, haukutofautiana na ile miji miwili ya Ulaya. Watu wanaoonana huamua. Mtu aliye nyuma ya dirisha gizani hana wa kumtazama usoni.

Marekani nayo ilijifunza. Mwaka 1967 tume ya rais ilipendekeza kuwe na namba moja ya kuita polisi. Februari 16, 1968, simu ya kwanza ya 911 ilipigwa katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, na Julai mwaka huo New York ikaanza kuitumia. Hatuwezi kusema ingemwokoa Kitty. Tunachoweza kusema ni kwamba mwaka 1964 aliyeamka usiku wa manane kwa kelele za nje alipaswa kupitia kwa opereta au kuijua namba ya kituo chake, kisha atumaini kwamba atakayepokea hatamwona msumbufu.

Sisi namba tunazo. Kenya ina 999, ileile ya London. Tanzania ina 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Karibu kila mkono katika umati ule uliozunguka pikipiki una simu, na nyingine zimeshaanza kurekodi. Ni rahisi kuwalaumu wanaorekodi, na wakati mwingine wanastahili. Lakini sikiliza wanachoambiana: usimguse, utaambiwa ni wewe uliyemgonga, ukimpeleka utalala kituoni. Tanzania, majeruhi wa ajali au wa kupigwa ametarajiwa kwa miaka mingi kufika hospitali na fomu ya polisi, PF3, na aliyemleta hujikuta akijieleza kwa niaba ya mtu asiyemjua hata jina. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ni ahadi kwa majeruhi. Aliyembeba bado anahitaji ya kwake.

Wazee walioitikia yowe hawakuwa na mioyo bora kuliko yetu. Walikuwa na hakika: nikiita watakuja, nikitoka sitakuwa peke yangu, na asubuhi hakuna atakayenishuku kwa kuwa nilikuwapo. Hakika hiyo hujengwa, kama ilivyojengwa London kwa barua ya jirani mmoja aliyekasirika. Alikuwa ameshapiga simu, na simu ilikuwa imemwangusha. Angeweza kusema ametimiza wajibu wake. Badala yake alichukua kalamu akaita tena, safari hii kwa ajili ya nyumba ambayo ilikuwa bado haijashika moto.