Msalaba na Mwembe Kando ya Njia

Msafiri apitaye njia za Maniema hutambua mahali pa mji wa zamani hata kabla hajaona nyumba. Huona miembe. Nyumba za udongo huanguka, watu huhama, lakini miembe husimama palepale, na mpita njia hutua mzigo wake kivulini. Ni mara chache ajiulize: Nani aliipanda?

Mwembe si mti wa msitu wetu. Asili yake ni Bara Hindi. Ulivuka bahari ukafika pwani ya Afrika, na kutoka pwani ukaja na misafara ya Waarabu na Wangwana, kwa njia ya Tabora na Ujiji, mpaka Kasongo na Nyangwe. Walipojenga, walipanda. Basi kivuli hicho kilikuwa kwanza cha wenye misafara. Walipumzika hapo wapagazi wa pembe za ndovu, na pamoja nao watu waliofungwa minyororo shingoni.

Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto huu huu wa Lualaba upitao Kindu. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakipiga bunduki katikati ya umati. Wengi waliokuwapo walikuwa wanawake waliokuja kuuza vyakula. Waliokimbilia mitumbwi walizama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Na waliotekwa katika nchi hii, je? Walitembea miezi mingi kuelekea mashariki. Wengine walibaki Ujiji na Tabora, na hata leo huko wako watu waitwao Wamanyema. Wengine walifika mwisho wa njia, Bagamoyo, wakaona bahari kwa mara ya kwanza, wakangoja jahazi la kwenda Unguja.

Lakini mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefika Bagamoyo. Walisimamisha msalaba karibu na ufuko. Kisha ikapandwa miembe, safu mbili, kutoka upande wa bahari mpaka misioni. Waliwakomboa watumwa kwa fedha, hasa watoto, wakawapa mahali pa kukaa na kulima. Mwaka 1876 hao waliokombolewa walijenga pango la Bikira Maria kwa mikono yao. Hata leo mgeni huona msalaba, kisha hupita chini ya miembe kwenda kanisani.

Tazameni, ndugu: mti ni ule ule, njia ni ile ile. Mwembe wa Nyangwe ulitoa kivuli, wala haukusema neno. Kule Bagamoyo msalaba unasema: Hapa walipita watu walioteswa, na Yezu aliyeteswa anawajua kila mmoja.

Desturi ya kuweka msalaba pamoja na mti ni ya kale. Katika Ubelgiji, Ujerumani na Polandi, wakulima waliweka msalaba au kikanisa kidogo penye njia panda, wakapanda miti ya kivuli pembeni. Walikuwa na akili. Mti huonyesha mahali kutoka mbali. Humpumzisha mchovu, naye akipumzika hupata nafasi ya kusali. Tena mti mkubwa hauhamishwi usiku kama jiwe la mpaka.

Na mji wetu wa Kindu? Tarehe 11 Novemba 1961 wanahewa 13 wa Italia, waliokuja kwa ndege mbili kuwaletea mahitaji askari wa Malaya wa Umoja wa Mataifa, waliuawa hapa na askari waliodhani kwamba ni askari wa kukodiwa wa Katanga. Walizikwa Tokolote. Mwaka 1962 miili yao ilirudishwa Pisa, na huko kikajengwa kikanisa cha kuwakumbuka, chenye jina la Kindu. Watu wa mbali husoma jina la mji wetu na kuwaombea marehemu. Ni vyema. Lakini wale wa njia ya minyororo, jamaa zetu wenyewe, wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Basi tufanye nini? Kabla ya kuukata mwembe wa zamani kwa ajili ya makaa, tuwaulize wazee ni nani walipita hapo. Penye njia panda pasipo na kivuli, tupande kokwa moja. Karibu na mti tusimamishe msalaba wa mbao mbili tu, tukawafundishe watoto sababu yake. Atakayepita atatua mzigo, atafanya ishara ya msalaba, na kabla ya kuondoka atawaombea Salamu Maria moja wale waliopita hapo bila ruhusa ya kupumzika.